Soko Mjinga si soko la wajinga

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Nakuru, ukapita Limuru na Kimende, hewa hubadilika. Ukungu hushuka, abiria hufunga madirisha, na muda si muda unaona mafungu ya karoti kando ya barabara. Hapo ndipo Soko Mjinga. Jina lisikudanganye, msomaji. Kinamama wanaouza hapa wanajua hesabu kuliko karani wa benki.

Kuna kabichi zenye ukubwa wa kichwa cha ndama, minji, spinachi, plamu zikiwa katika msimu wake, na zaidi ya vyote, viazi ulaya. Nchini Kenya viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi, na vingi hutoka huku Kinangop na kwingineko Nyandarua. Aina inayopendwa ni shangi. Shambani hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na jikoni huiva upesi. Kasoro yake ni kwamba huchipua haraka baada ya kuvunwa, kwa hivyo mkulima hawezi kuiweka ghalani akingoja bei ipande. Dalali analijua hilo vizuri sana.

Yatazame magunia yanayopakiwa kwenye malori. Utaona mengine yameongezwa wavu juu, umejaa viazi, kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesi. Kanuni za mwaka wa 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesi huweza kupita kilo 100, na mkulima hulipwa kwa gunia wala si kwa mzani. Kilemba chote kinakwenda bure! Basi mnunuzi wa mjini adai mzani. Majirani wanne katika ploti moja wakichanga pesa na kununua gunia la kilo 50 lililopimwa, mkulima hupata haki yake, nao mara nyingi huokoa pesa kuliko kununua fungu fungu kibandani.

Halafu kuna macho yetu. Tunapenda kiazi kilichooshwa kikang'aa, kumbe chenye udongo mkavu ndicho hukaa bila kuoza. Sukuma wiki yenye tundu moja tunaikataa. Kila dawa ya wadudu huwa na idadi ya siku, imeandikwa kwenye mkebe, ambazo ni lazima zipite kabla ya kuvuna. Mkulima akiona wateja wanakimbia tundu, atashawishika kunyunyiza hadi jana yake, na dawa hiyo mwishowe huingia sufuriani mwako.

Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini iliishiwa na chipsi, kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilikuwa zimechelewa. Wateja walipiga kelele kweli kweli, na kampuni ikatangaza kwamba itatafuta wauzaji wa humu nchini. Hata mteja wa kibanda cha chipsi mtaani anaweza kuuliza viazi vimetoka wapi.

Magari ya Njabini na ya Nakuru yanayofuata njia ya juu hupita Soko Mjinga. Beba kikapu chako, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Beba na sweta pia, hata kama Nairobi umeacha jua kali.