Kisu cha Safari

Mtu atokaye Nairobi kwenda kulala hemani katika milima ya Ngong aweza kupata kisu Kamukunji, karibu na kitovu cha mji, ambako wahunzi hufua springi kuukuu za malori kuwa visu na mapanga. Chuma hicho ni chema, lakini chataka fundi. Kikitoswa katika maji au mafuta kingali chekundu, huwa kigumu. Kisipopashwa moto tena kidogo, huvunjika kama kigae. Basi mnunuzi akichome ubaoni, akipinde kidogo: kilicho chema hurudi.

Dagoretti, magharibi ya mji, wachinjaji hutumia visu vyembamba. Hivyo vyafaa nyama, wala si kuni. Kisu cha safari na kiwe kinene mgongoni, makali yapate nusu shubiri au kuzidi kidogo, na chuma kipenye mpini hadi mwisho, kikazwe kwa ribiti. Chuma kifupi huchomoka, na mkono ukateleza juu ya makali mahali palipo mbali na daktari.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini asiyechagua kisu hajawa msafiri.