Mama na Ziwa

Wikendi iliyopita tulitoka Bumbire na watoto kwenda kutembea Bukoba, tukampitia Mama mkwe Muleba. Tangu tufunge ndoa hajawahi kukanyaga kwetu kisiwani. Mdogo wake alipandia MV Bukoba pale Kemondo, Mei 1996, hakurudi.

Gari lilipopita Kemondo alishika rozari. Tukanyamaza, isipokuwa watoto waliokuwa wakigombania senene, Mungu awabariki.

Jumapili tulisali Kanisa Kuu, alikozikwa Kardinali Rugambwa, mzaliwa wa Muleba, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960. Mama alikaa karibu na kaburi muda mrefu.

Mchana tukashuka ufukweni, tukatandika khanga, tukala ndizi na sato. Yeye alikaa mbali, ziwa kalipa mgongo. Kitinda mimba wetu akamletea maji viganjani, mengi yakamwagika njiani. Yaliyobaki akamnawisha bibi yake miguu. Hakumkemea. Akageuka taratibu, akakitazama kisiwa cha Musira.

Tulipomrudisha Muleba, keshashuka garini, akauliza boti ya Bumbire huondoka saa ngapi, na kama maboya huwatosha abiria wote.