Treni Inayongoja Nayo Iko Kazini

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba huko Marekani wamo wazee wenye mvi ambao hukutana chumbani kuendesha treni za mfano, zilizopunguzwa mara 87 kuliko za kweli, usicheke upesi. Mimi nawastahi.

Watu hao hawaziachi treni zao zizunguke ovyo kama pia. Kila behewa lina kadi inayoeleza limebeba nini, limetoka wapi na linakwenda kiwanda gani. Saa ya ukutani hukimbizwa. Ikienda mara nne ya kawaida, siku nzima humalizika kwa saa 6. Mwongozaji wa safari aghalabu huketi chumba kingine, haoni treni hata moja. Hutegemea simu na daftari lake, na madereva wote humtii. Mwaka 1944, Frank Ellison wa New Orleans aliufafanua mchezo huu katika jarida la Model Railroader, akaifananisha reli na jukwaa, na treni na waigizaji.

Palipo na njia moja tu, treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana popote. Ile ndogo sharti iingie njia ya pembeni stesheni, ingoje. Mchezaji anayengoja hajapoteza zamu yake. Kungoja ndiyo zamu yenyewe. Akikaidi, mchezo huharibika. Katika reli ya kweli, watu hufa.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika stesheni ndogo ya Reli ya Kati, njia iliyofika Kigoma mwaka 1914. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuizuia treni mpaka apate ruhusa kwamba njia mbele i wazi. Abiria walimwita mvivu kutoka madirishani. Naye hakuwajibu, alishika kibendera chake, akatazama mbele. Hakuna aliyemshukuru kwa ajali ambayo haikutokea.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akijitengenezea treni kwa maboksi ya viberiti, usimwachie kupiga honi tu. Mwandikie kadi za mizigo, mpe saa, kisha mtafutie mwenzake aje na treni yake kutoka upande wa pili. Waache waamue nani angoje. Na siku treni yako itakaposimama stesheni bila wewe kujua sababu, kabla hujatukana, kumbuka kwamba huenda yuko mtu anayekulinda.