Kidole Kikiondoka

Jumanne, 8 Julai 2025

Vifaa vya klabu yetu ya roboti vimefika na basi la mchana kutoka Dar: mota mbili za njano zenye giaboksi ya plastiki, kiendesha-mota cha L298N, na joistiki yenye pini tano. Wanafunzi walitaka tuunge mota moja kwa moja kwenye pini ya bodi ya Arduino tuone inavyozunguka. Nimekataa. Ukomo wa pini ile ni miliampea 40, na ukitaka idumu usivuke 20. Mota hii ndogo inapoanza kuzunguka hudai mamia. Kwa hiyo L298N inakaa katikati: bodi itoe amri, betri itoe nguvu. GND ya bodi na GND ya betri, yaani pande za volti sifuri, ziungwe pamoja, la sivyo amri haifiki. Na L298N yenyewe inakula karibu volti 2, kwa hiyo betri ya volti 6 inaipa mota takriban 4.

Alhamisi, 10 Julai

Leo zamu ya kitufe. Joistiki hii ukiididimiza kwa gumba inatoa mlio mdogo; hicho ndicho kitufe chenyewe, na waya wake ni ule wa SW. Tumeupeleka pini ya 2, tukaitangaza pini hiyo kuwa INPUT_PULLUP, tukawa tunasoma hali yake kwenye skrini. Usipogusa, 1. Ukibonyeza, 0.

“Mwalimu, mbona kinyume?” ameuliza binti mmoja wa kidato cha pili. “Si tukibonyeza ndiyo iwe moja?”

Swali hili limenifurahisha mno. Nimemweleza kwamba ndani ya chipu mna rezista ya kiloomu 20 hadi 50 inayoivuta pini kuelekea volti 5, na kitufe kikibonyezwa kinaiunga pini na GND, volti zinashuka hadi sifuri. Kisha tumeiamuru mota izunguke kitufe kinaposoma 0, nikamwomba abonyeze asiachie, nami nikauchomoa waya wa SW. Mota imesimama palepale, gumba lake likiwa bado chini. Waya ukikatika, bodi inasoma 1, maana yake hakuna aliyebonyeza. Pasingekuwa na rezista ile, pini ingebaki inaelea, mara 0 mara 1, na mota ingefanya inavyotaka.

Amechukua waya, akarudia jaribio mwenyewe.

Jumamosi, 12 Julai

Vijana wanataka kubonyeza mara moja roboti iende, wabonyeze tena isimame. Wameiandika hivyo, lakini bonyezo moja wakati mwingine liliiwasha na kuizima hapohapo. Sababu ni vibati vya ndani ya kitufe: vinapogusana havitulii mara moja, vinadundadunda kwa milisekunde chache, na bodi yenye saa ya megahezi 16 inahesabu kila mdundo kuwa bonyezo jipya. Wametumia millis() ili bodi ipuuze mabadiliko yoyote ndani ya milisekunde 50, na tatizo limekwisha.

Hata hivyo mimi sijaridhika. Roboti iliyoambiwa “nenda”, kisha joistiki ikamponyoka mtu mkononi, itaendelea kwenda. Fundi wa cherehani ya umeme akiondoa mguu kwenye pedali, sindano inasimama na vidole vyake vinapona, nataka hivyohivyo. Kwa taa au feni, bonyeza iwake, bonyeza izime, ni sawa kabisa. Kwa kitu chenye magurudumu, kitufe kishikiliwe ndipo mota iende, na kila mzunguko wa loop() uulize upya bila kukumbuka bonyezo lililopita. Na ile sehemu ya else kwenye programu, yenye analogWrite ya sifuri inayoisimamisha mota, isiachwe kamwe. Mota haizimiki kwa kuwa tu hakuna anayeiamuru: pini inashikilia thamani ya mwisho iliyopewa mpaka ipewe nyingine.

Aliyeandika programu ya kwanza ameifuta bila kinyongo. Iliyobaki ni fupi, na hata kudunda kwa vibati hakuisumbui.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeongeza mwendo. Kijiti cha joistiki kinasoma 0 hadi 1023, katikati ni karibu 512. Mota inapokea 0 hadi 255, mbele au nyuma. Kitufe kimekuwa ruhusa, kijiti kimekuwa kasi. Roboti tumeipandisha juu ya vitabu ili magurudumu yazunguke hewani.

Nimechomoa GND ya joistiki. Skrini imeandika 1023, yaani mbele kwa kasi yote, na kijiti hakijaguswa. Lakini kitufe nacho kimepoteza GND, kinasoma 1 hata ukikibonyeza, na mota imetulia. Wamepiga makofi.

Yule binti hakupiga. Amerudisha GND, akachomoa waya wa volti 5, akabonyeza. Kijiti kimesoma 0, kitufe kikafanya kazi kama kawaida kwa sababu volti zake zinatoka ndani ya bodi, na magurudumu yakarudi nyuma kwa nguvu zote. Hapo hata mimi nimekaa kimya nikifikiri.

Kesho tunaongeza sharti: kitufe kinapobonyezwa, kijiti kisomeke kwanza kati ya 480 na 540, la sivyo mota isianze. Hiyo inaziba hatari ya kuanza na waya uliokatika. Waya wa volti 5 ukitoka roboti ikiwa tayari mwendoni, sharti hilo halisaidii kitu. Hapo ni gumba liachie.