Wake za Mabosi Walipokuwa Wakiuza Mayai

Siku hizi ukisikia mke wa mkurugenzi kapika maandazi, jua kuna sherehe ya mtoto. Dar es Salaam ya miaka ya themanini, maandazi ya mke wa mkurugenzi yalikuwa ya kuuza. Nilikuwa karani muhtasi katika shirika moja la umma mjini, na mayai tuliyokula nyumbani kwetu miaka ile yalitoka kwa mke wa bosi wangu. Mbele za watu tulimwita Mama Mkurugenzi. Tukibaki wenyewe alikuwa Mama Mayai.

Alikuwa muuguzi. Akitoka zamu alipitia ofisini kwetu na sare yake nyeupe, kanga begani, trei mkononi. Hakuuliza nani ana fedha na nani hana. Alifungua daftari la shule, akaandika jina, idadi ya mayai na tarehe, akakuonyesha ulivyoandikwa ili usije ukabisha. Mishahara ikitoka, yeye ndiye wa kwanza kusimama mlangoni kwa mhasibu. Mumewe akipita kwenye ujia na wageni wake wa wizarani alijifanya hamwoni, na yeye alijifanya hivyo hivyo. Nyuma ya nyumba yao ya shirika kule Oysterbay kulikuwa na banda la kuku na ng'ombe wawili wa maziwa, na hapakuwa na jirani wa kumcheka maana jirani naye alikuwa na banda lake.

Wasiokuwepo watadhani ni uchapakazi wa kizazi chetu. Ilikuwa shida. Ukubwa wa bosi ulikuwa kwenye gari la shirika, nyumba ya shirika na kujuana na meneja wa duka la kaya, la bidhaa za mgawo, ili sukari isimpite. Mshahara wenyewe uliishia katikati ya mwezi kama wa sisi makarani. Unga ulioletwa kwa msaada ulikuwa wa mahindi ya njano, tukauita unga wa Yanga, na mkubwa na mdogo tuliusonga huo huo. Katika nyumba ya namna hiyo, mke kukaa bila kazi hakukuwa jambo la kuchagua. Mshahara wa uuguzi ulinunua mafuta ya kupikia, mayai yakalipa ada na nauli, na mshahara wa mkurugenzi ukalinda heshima.

Tena sheria ya viongozi ilikuwa imebana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni na kuwa na nyumba ya kupangisha, na likasema wazi kwamba kiongozi ni yeye pamoja na mwenzi wake. Lakini kuku hawakuwa hisa. Kwa hiyo uchumi wa nyumba za wakubwa ukahamia ua wa nyuma, mikononi mwa wanawake, na Chama kikatazama pembeni. Wala haikuanzia kwao: Mwalimu Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, Mama Maria aliendesha duka dogo Magomeni.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1991. Azimio la Zanzibar liliwafungulia viongozi yale waliyokatazwa Arusha, na mwaka huo huo sheria ya mabenki ikaruhusu mabenki binafsi. Zikaja kampuni za simu, ikaja migodi mikubwa ya dhahabu, mashirika kama letu yakauzwa au yakafa. Akazaliwa bosi wa aina nyingine, ambaye mshahara wake peke yake unajenga, unasomesha na unabaki. Hapo ndipo niliposhuhudia jambo ambalo mama zetu wangelikataa: msichana mwenye shahada na cheti cha uhasibu anaandika barua ya kuacha kazi kwa hiari yake.

Binti wa mdogo wangu ni mmoja wao. Mumewe ni mkuu wa idara katika benki, wanaishi Mbezi Beach, ukuta mrefu na waya wa umeme juu yake. Enzi zetu palipokuwa na ua tu wa michongoma, mke wa mkurugenzi alikopa chumvi kwa kunyoosha mkono. Ndugu wanamtania kwamba ni golikipa, kazi yake kulinda goli. Siku nilipomuuliza kisa, alinijibu: "Mama mkubwa, sijaacha kazi. Nimehamishwa kituo."

Nimelala kwake mara nyingi, na sina la kumbishia. Saa kumi na moja alfajiri taa ya jikoni inawaka kwa sababu basi la shule halimsubiri mtoto. Baba anatoka kabla hakujapambazuka akimbie foleni ya barabara ya Bagamoyo, na kurudi kwake anakujua Mungu: leo kikao na wakaguzi, kesho Mwanza, keshokutwa Johannesburg. Katikati ya hapo kuna dada wa kazi aliyeitwa kwao msibani, fundi wa pampu ya maji, mtoto mwenye pumu, mama mkwe aliyekuja hospitali kutoka Bukoba, na simu ya mume inayosema wageni wanne wanakuja kula saa mbili usiku. Usemi wa wahenga kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, haukumsahau mke wa bosi kwa kuwa ana dereva.

Hesabu nayo iko wazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, mia moja akijifungua pacha, na inampa baba siku tatu. Baada ya hapo mtoto ni wa nani? Akirudi kazini analipa dada wa pili, mafuta ya gari la pili na masomo ya ziada ya mtoto asiyesimamiwa, hadi mshahara wake unageuka posho. Mume akihamishiwa Nairobi ndiyo basi kabisa, maana kibali cha mtegemezi kinamruhusu kuishi Kenya lakini kufanya kazi hakimruhusu. Tusifiche pia kwamba wapo waume wanaoona fahari kusema mke wangu hafanyi kazi, na wapo wake waliochoka na mabosi wao wakashukuru kupata mlango wa kutokea.

Mchumi Claudia Goldin wa Harvard, aliyepata Nobel mwaka 2023, amelieleza jambo hili kwa upande wa Marekani. Kazi zinazolipa kupita kiasi, anasema, ni zile zinazomdai mtu saa zake zote, usiku na mwisho wa wiki. Familia yenye watoto haiwezi kuwa na watu wawili wa namna hiyo, kwa hiyo mmoja anaitoa nafsi yake kwa mwajiri na mwingine anabaki kupokea simu ya shule. Nikisoma maneno hayo naiona Mbezi Beach. Benki inadhani imeajiri mtu mmoja, kumbe imepata wawili kwa mshahara wa mmoja.

Ndiyo maana binti yetu simwonei wivu. Mama Mayai alilala saa chache na miguu ilimvimba, ila fedha aliyofunga kwenye pindo la kanga ilikuwa yake, na mumewe alilijua hilo. Kwenye mazungumzo ya ada alikuwa na neno. Alipostaafu uuguzi alipata pensheni yenye jina lake. Binti yetu ana kadi ya benki inayotoa fedha kwenye akaunti ya mwingine. Gari alilonalo ni la mume, na michango yake ya mfuko wa hifadhi iliishia siku aliyorudisha kitambulisho cha ofisi. Anaishi vizuri kuliko Mama Mayai alivyowahi kuota, na amesimama mahali pembamba zaidi.

Sheria inamtambua, tusiseme uongo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Uamuzi huo unatajwa mahakamani hadi leo. Kinachosahaulika ni kwamba mama aliyeleta rufani ile alitoka mikono mitupu. Mahakama iliona fedha alizokabidhiwa na mumewe kwa mradi wa familia alikuwa amezitapanya, ikahesabu kwamba fungu lake amekwishalila. Kanuni ilishinda, mwenyewe akashindwa.

Kwa hiyo wewe mume unayelipwa vizuri na mkaamua pamoja kwamba mama abaki nyumbani, usingoje hakimu awagawie. Hati ya nyumba iandikwe majina mawili. Mchango wa hiari wa NSSF kwa jina lake utoke kila mwezi, siku ile ile mshahara wako unapoingia. Na wewe binti yangu, chukua daftari kama la Mama Mayai, uandike chako ni kipi.