Aliyekwama kwa Deni, Aende Wapi?

Kwetu Mombasa, maiti akishasaliwa, mtu wa familia husimama na kutangaza: aliyekuwa akimdai marehemu asinyamaze, amwone kaka yake au mwanawe mkubwa. Hakuna anayeguna, hakuna anayeuliza marehemu alikopea nini. Aliye hai na amelemewa hana msemaji wa namna hiyo. Huzima simu, hubadilisha njia ya kwenda dukani, na akizidiwa humwandikia jamaa aliye ng'ambo ujumbe wenye salamu ndefu kupita kawaida.

Jamaa huyo wa ng'ambo mara nyingi ni mimi. Naishi Reading, magharibi mwa London, mji wenye Wakenya wengi, na ninavyoona, huduma kubwa kabisa ya kuwaokoa wadaiwa nchini Kenya haina ofisi wala kibali. Ni sisi na makundi yetu ya WhatsApp.

Hapa England mambo huenda hivi. Mtu asiye na nyumba yake, mwenye madeni yasiyozidi pauni 50,000, mali isiyozidi pauni 2,000, na asiyebakiwa na zaidi ya pauni 75 kwa mwezi baada ya matumizi ya lazima, anaweza kuomba amri ya kuondolewa madeni. Gari lake la thamani ya hadi pauni 4,000 huachwa nje ya hesabu. Kwa miezi 12 wadai walioorodheshwa hawaruhusiwi kumfuata, na mwaka ukiisha hali yake ikiwa vilevile, madeni hayo yanafutwa. Ombi halipiti mahakamani. Hupelekwa na mshauri aliyeidhinishwa, mara nyingi wa shirika la hisani kama Citizens Advice au StepChange. Zamani mwombaji alilipa pauni 90, ada iliyoondolewa Aprili 2024 baada ya watu kuona kichekesho cha kumtoza asiye na kitu. Kiwango cha deni nacho kimekuwa kikipandishwa: kilikuwa pauni 20,000, kikawa 30,000 mwaka 2021, kikafika 50,000 mwaka 2024. Na anayehitaji muda tu wa kujipanga hupewa siku 60 ambazo riba na adhabu nyingi husimama na madalali hawabishi hodi.

Nchi hii si kwamba ilizaliwa na huruma. Baba yake mwandishi Charles Dickens alifungwa gereza la Marshalsea mwaka 1824 kwa sababu ya deni, na mtoto akapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye makopo ya rangi ya viatu akiwa na miaka 12. Waingereza walifika hapa walipo polepole, na kwa kelele nyingi.

Lakini kilichonifungua macho ni mshauri, kuliko sheria yenyewe. Niliwahi kumsindikiza dada mmoja wa Goma kwenye ofisi ya ushauri wa madeni ili nimtafsirie. Alikuja na mfuko wa supamaketi uliojaa barua ambazo hakuthubutu kuzifungua. Mshauri, binti mdogo tu, alizifungua zote mbele yetu bila kushtuka, akazipanga mafungu mafungu: kodi ya nyumba, kodi ya baraza la mji na umeme upande mmoja, kadi za benki na katalogi za nguo upande mwingine. Wale waliokuwa wakipiga simu usiku na mchana, alisema, ndio wasio na uwezo wa kukufanya lolote kesho. Anayeweza kukutoa nyumbani ni mwenye nyumba, naye aliandika barua moja tu, ya upole.

Kisha wakaingia kwenye matumizi: chakula, basi, simu, hata kusuka nywele. Kila kitu kilipata mstari wake kwenye fomu. Mshauri akaona kwenye taarifa ya benki pesa zinazotumwa Kongo kila mwezi, akauliza ni za nini.

"Ndugu, umwambie hiyo si matumizi," dada akaniambia. "Hiyo ni mama yangu."

Nilitafsiri nilivyoweza. Binti wa watu aliishika kalamu hewani. Kwenye fomu yake hapakuwa na mstari wa mama, na kwa kuwa mpaka ni zile pauni 75, pesa hizo zingeweza kuamua kama dada anaingia au anabaki nje. Mwishowe akaomba barua ya maelezo. Hapo ndipo mfumo wa Kiingereza unapogota: unamjua mdaiwa kama mtu mmoja na jokofu lake, na sisi hatujawahi kuwa hivyo.

Sasa turudi Kenya. Wengi wetu hudhani huko hakuna kitu, kuna kulipa au kukimbia. Si kweli. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliiondoa ile tuliyoirithi kwa mkoloni, na ndani yake mna utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, uliofuata mfano wa New Zealand. Anaomba kwa Mpokezi Rasmi, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya ufilisi. Akikubaliwa, wadai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 anaachiliwa. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na moyo.

Tatizo ni mipaka. Madeni yake yawe si chini ya shilingi 100,000 na si zaidi ya 400,000. Mwalimu aliyekopa benki nusu milioni yuko nje. Kwake kuna ufilisi kamili, ambao humwachilia baada ya miaka 3, huku Katiba ikimzuia asigombee ubunge maadamu hajaachiliwa. Na mama mboga anayedaiwa shilingi 60,000 na programu sita za simu, hii ikimkopesha ili alipe ile, naye yuko nje, kwa kuwa deni lake ni dogo mno. Mtu yeyote aliyepita sokoni Kongowea angejua kwamba elfu sitini hutosha kabisa kumlaza mtu macho.

Nimewauliza jamaa zangu, wakiwemo wenye shahada. CRB, ofisi ya taarifa za mikopo, wanaijua wote, na jinsi jina lililoingizwa humo linavyokunyima mkopo. Madalali wanawajua. Kifungo cha madai wanakijua pia, kwani sheria ya mashauri ya madai bado inaruhusu mdaiwa afungwe hadi miezi 6. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, alikataa mdaiwa afungwe kwa kushindwa tu kulipa. Majaji wengine baadaye wakasema kifungo chenyewe hakivunji Katiba mradi utaratibu ufuatwe. Lakini ule mlango wa 2015 hakuna aliyewahi kuusikia. Serikali imetangaza adhabu ikasahau kutangaza nafuu.

Pengo hilo tunaliziba sisi, na tunaliziba vibaya. Ujumbe unaingia, tunachanga, deni linalipwa lote pamoja na riba na adhabu juu ya adhabu. Hatuulizi kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, ingawa tangu 2022 wakopeshaji wa simu wanatakiwa kuwa nayo. Hatujui kwamba Sheria ya Benki ina kifungu cha 44A kinachoizuia benki kudai riba inayozidi salio la mkopo lililokuwapo siku ulipoanza kuchechemea. Mchango wetu unamwokoa ndugu, kisha unamfundisha mkopeshaji kwamba kila Mkenya ana shangazi Ulaya.

Wala nisiipambe England. Kufilisika rasmi kwa ombi la mtu mwenyewe kunagharimu pauni 680, na mitandaoni kumejaa matangazo ya mipango ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka 5 au 6, yenye ada za maelfu, wanayouziwa watu ambao wangefutiwa madeni bila malipo. Mwaka 2023 mdhibiti wa sekta ya fedha alipiga marufuku kampuni za kukusanya wadaiwa zisilipwe kwa kuwapeleka huko. Wajanja hufuata mlango wowote wa huruma ulipo, nasi tukifungua wetu watakuja.

Bado ningeufungua. Ningeondoa kima cha chini, nikakipandisha cha juu, nikaweka dawati katika kila kituo cha serikali cha Huduma, na nyuma yake mtu aliyefunzwa kuzifungua barua, au siku hizi ujumbe wa simu, bila kumkemea mwenye nazo.

Kwa sasa nimeanza na familia. Shemeji yangu alipoomba msaada majuzi, nilimwomba kwanza orodha: nani anadai, alikopa kiasi gani, riba imefika wapi. Aliona nimemfanya mtoto, na dada yangu akanipigia kunikumbusha heshima ya shemeji. Orodha ikaja hata hivyo. Jumla ilikuwa shilingi 83,000, kwa hiyo kwa sheria ya 2015 hajafikia kiwango cha kusaidiwa. Tukachanga. Ila safari hii tulianza na mwenye nyumba, na wale wa programu tukawaandikia watuonyeshe leseni.