Chokaa Mbele, Matofali Nyuma

Asubuhi ya manyunyu nilitokeza Pimlico, jijini London, nikakuta mtaa mzima umevaa nyeupe kama kanzu za Idi. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, ghorofa nne au tano, kila mlango na kibaraza chake chenye nguzo mbili. Ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi, utajua kwa rangi ya mlango tu.

Sehemu kubwa ya mitaa hii ni kazi ya Thomas Cubitt, seremala aliyegeuka mjenzi. Alianza na Belgravia, jirani na hapa, miaka ya 1820, akaendelea na Pimlico hadi alipofariki mwaka 1855. Ardhi ilikuwa kinamasi. Akaijaza udongo uliochimbwa kwenye ujenzi wa gati za St Katharine, upande wa pili wa jiji.

Nikausogelea ukuta mmoja ulioanza kubanduka. Lipu ilikuwa imechorwa mistari ilipokuwa bado mbichi, ili mpita njia adhani ni mawe makubwa ya kuchonga. Ndani yake? Tofali la udongo. Mawe ya kule Bath yalikuwa ghali, na tangu mwaka 1796, James Parker alipopata hataza ya saruji aliyoiita ya Kirumi (Warumi hawakuhusika nayo hata kidogo), tajiri wa kadiri aliweza kununua sura ya kasri. Kwetu Mji Mkongwe nasi hupaka chokaa juu ya matumbawe, lakini ni kuyakinga na mvua. Sijaona Unguja ukuta unaojidai kuwa ukuta mwingine.

Madirisha hayakujua kudanganya. Ghorofa ya kwanza, penye sebule ya wageni, ni marefu na yana roshani ya chuma. Kadiri unavyopanda yanafupika, hadi vile vijidirisha vya darini walikolala watumishi. Jiko lilikuwa chini ya ardhi. Kwenye njia ya miguu nilikanyaga kifuniko cha chuma cha duara: hapo ndipo makaa ya mawe yalipomwagwa, yasipite mlango wa bwana.

Juu ya jukwaa mafundi walikuwa wakipaka rangi upya, maana rangi ikipasuka maji huingia nyuma ya lipu na kuifurisha. Nikazunguka kichochoroni. Huko ni matofali matupu, meusi kwa moshi wa zamani, na mabomba yanayoshuka hovyo. Hakuna aliyepoteza hata karai moja la lipu.